Kuelekeza ujumbe bila mkwamo katika klasta isiyo na umbo maalumu: hatua kwa hatua

Klasta, yaani kundi la seva zilizounganishwa zifanye kazi kwa pamoja, mara chache hubaki kama ilivyochorwa siku ya kwanza. Inaanza na swichi nne zilizopangwa vizuri, kisha rafu mpya inaongezwa, kebo mbili zinavutwa pale penye poti wazi, swichi moja inaharibika na haibadilishwi. Baada ya muda umbo la mtandao halifanani na mti, wala wavu, wala kitu chochote chenye jina. Ujumbe unaendelea kupita, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Kisha siku ya mzigo mkubwa kazi zote zinasimama kwa pamoja: taa za poti zinawaka, seva ziko hai, kumbukumbu za mfumo hazionyeshi kosa lolote, na hakuna pakiti inayosogea.

Huo ndio mkwamo. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kupanga njia ili usitokee kabisa, na jinsi ya kuthibitisha kwa hesabu kwamba hautatokea. Nasisitiza neno hesabu kwa sababu wasimamizi wengi huridhika na jaribio la mzigo: wanarusha data kwa saa kadhaa, mtandao haukwami, wanatangaza kwamba uko salama. Jaribio la namna hiyo halithibitishi chochote. Mkwamo unahitaji pakiti fulani zikutane mahali fulani kwa wakati fulani, na hali hiyo inaweza kuchelewa miezi mingi kisha ikaja katikati ya kazi ambayo hutaki ikatike.

Hatua ya 1: Jua kama mtandao wako ni wa aina inayoweza kukwama

Ethernet ya kawaida hutupa pakiti pale bafa, yaani nafasi za kuzihifadhi kwa muda ndani ya swichi, zinapojaa. Kutupa huko kunaudhi, lakini kunaachia nafasi, na pakiti zinazopotea hutumwa upya. Mitandao mingi ya klasta haifanyi hivyo. InfiniBand, na kabla yake Myrinet, zilijengwa kwa kanuni ya kutotupa: katika InfiniBand swichi ya upande huu haitumi kitu mpaka swichi ya upande wa pili itangaze kwamba ina nafasi ya bafa. Tangazo hilo tutaliita krediti. Ethernet yenye udhibiti wa mtiririko kwa vipaumbele, yaani kiwango cha IEEE 802.1Qbb kinachotumika sana kubeba RDMA (seva kusoma na kuandika kumbukumbu ya seva nyingine moja kwa moja), nayo inaingia kundi hili, na wengi wanaoiwasha hawatambui kwamba wamenunua pia uwezekano wa kukwama.

Mwaka 1971 Coffman na wenzake walieleza masharti manne ambayo ni lazima yatimie yote ndipo mkwamo utokee. Rasilimali inashikwa na mmoja tu kwa wakati. Anayeshika anaruhusiwa kuendelea kushika huku akisubiri nyingine. Hakuna wa kumpokonya. Na kuna duara la wanaosubiriana. Katika mtandao usiotupa pakiti, masharti matatu ya kwanza yamo ndani ya vifaa vyenyewe: bafa ikishikwa imeshikwa, pakiti inashikilia bafa ya hapa huku ikingoja ya mbele, na hakuna anayeiondoa. Sharti la nne pekee ndilo lililo mikononi mwako, kwa sababu duara hutokana na njia unazochagua.

Hatua ya 2: Chora mtandao kama ulivyo leo

Usitumie mchoro wa wakati wa ununuzi. Kwenye InfiniBand endesha `ibnetdiscover` uhifadhi matokeo. Kwenye mitandao mingine kusanya taarifa za majirani kutoka kila swichi. Unachotaka ni orodha ya swichi na viungo kati yao. Seva unaweza kuziweka kando kwa sasa: seva hutuma na kupokea lakini haipitishi pakiti ya wengine, kwa hiyo kiungo chake hakiwezi kuwa sehemu ya duara.

Nitatumia mtandao mdogo wa swichi sita, A hadi F, wenye viungo saba:

A–B, A–C, B–D, C–E, D–E, D–F, E–F

Uchore kwenye karatasi. Utaona pembetano A, B, D, E, C, na pembetatu D, E, F iliyobandikwa pembeni. Ni mdogo, lakini una ugumu wote tunaouhitaji.

Kila kiungo kina chaneli mbili, moja kwa kila upande, na kila chaneli ina bafa zake. Viungo saba, chaneli kumi na nne. Nitaandika AB kwa chaneli itokayo A kwenda B, na BA kwa ile ya kurudi. Usizichanganye. Mahesabu yote yanayofuata ni ya chaneli, na ukianza kuhesabu kebo badala ya chaneli utafika kwenye jibu la uongo.

Hatua ya 3: Tafuta utegemezi kati ya chaneli

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Chukua njia ya pakiti kutoka A kwenda D kupitia B. Pakiti hiyo inashika AB, kisha inaomba BD. Kwa hiyo AB inaitegemea BD: bafa za AB hazitaachiliwa mpaka BD ipate nafasi. Fanya hivyo kwa kila njia iliyomo kwenye majedwali ya swichi zako. Utapata grafu mpya ambamo kila chaneli ni nukta na kila utegemezi ni mshale.

Dally na Seitz walithibitisha mwaka 1987 kwamba, kwa uelekezaji ambamo kila pakiti ina njia moja isiyobadilika, mtandao hauwezi kukwama kama grafu hii haina mzunguko. Na kama ina mzunguko, mkwamo unawezekana. Kila kitu kingine katika fani hii ni mbinu za kupata grafu isiyo na mzunguko bila kulipa gharama kubwa mno.

Sasa tuone kinachotokea ukifanya kile kinachoonekana cha busara, yaani kumpa kila mmoja njia fupi kuliko zote. Katika pembetano yetu:

A kwenda D: A, B, D
B kwenda E: B, D, E
D kwenda C: D, E, C
E kwenda A: E, C, A
C kwenda B: C, A, B

Kila moja ya hizi ndiyo njia fupi pekee iliyopo. Hakuna nyingine ya urefu huo. Ukiandika utegemezi wake unapata AB → BD → DE → EC → CA, na CA inarudi kwa AB. Mzunguko umekamilika. Pakiti tano ndefu zikiondoka kwa pamoja na kila moja ikajaza bafa za chaneli yake ya kwanza, hakuna itakayopata ya pili, leo wala kesho. Upande wa pili wa pembetano nao una mzunguko wake: AC → CE → ED → DB → BA → AC.

Kwa hiyo katika mtandao huu, njia fupi kwa wote na usalama kwa wote haviwezekani kwa bafa za aina moja. Huna budi kukata kila mzunguko mahali pamoja angalau, na kukata maana yake kuna pakiti itakayozunguka mbali zaidi. Swali ni ukate wapi.

Hatua ya 4: Chagua mzizi, kisha ipe kila chaneli mwelekeo

Mbinu kongwe kwa mitandao isiyo na umbo ni ya kupanda na kushuka. Ilitumika kwenye Autonet, mtandao uliojengwa na maabara ya utafiti wa mifumo ya kampuni ya DEC huko Palo Alto, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1991. Myrinet iliyofuata iliirithi. Ina umri, lakini ningependa kila msimamizi aielewe kabla ya kugusa nyingine, kwa sababu uthibitisho wake unaingia kichwani kwa dakika tano na hautoki.

Chagua swichi moja iwe mzizi. Pima umbali wa kila swichi kutoka mzizi huo. Huo ndio ulalo wake. Kisha, kwa kila kiungo, chaneli inayoelekea kwenye swichi iliyo karibu zaidi na mzizi inaitwa ya kupanda, na ya kinyume chake ni ya kushuka. Swichi mbili zikiwa na ulalo sawa, ile yenye namba ndogo ya utambulisho huhesabiwa kuwa ya juu. Sheria ni moja: pakiti inaweza kupanda mara kadhaa, kisha ikashuka mara kadhaa, lakini ikishaanza kushuka haipandi tena.

Kwa nini inatosha? Kila kupanda kunakupeleka kwenye swichi iliyo juu zaidi kwa mpangilio wa ulalo na namba, kwa hiyo mlolongo wa kupanda tupu hauwezi kurudi ulipoanzia. Kushuka vivyo hivyo. Na kwa kuwa hakuna utegemezi unaotoka kushuka kwenda kupanda, hakuna mzunguko unaoweza kuchanganya vyote viwili.

Mzizi uchaguliwe kwa hesabu. Jumlisha umbali kutoka kila swichi hadi nyingine zote. D inapata 7, na E pia 7. A na F zinapata 9 kila moja. Nachukua D. Ulalo: D ni 0, B, E na F ni 1, A na C ni 2. E–F ziko sawa; tukichukua herufi inayotangulia kuwa namba ndogo, E ni ya juu. A–C ziko sawa, A ni ya juu.

Sasa pitia kila swichi uangalie mikato, yaani kuingia kwa chaneli moja na kutoka kwa nyingine. Mtandao huu una mikato 20. Minne inakatazwa: kwenye C, kutoka A kwenda E na kutoka E kwenda A, kwenye F, kutoka D kwenda E na kutoka E kwenda D. Ile ya F haina madhara kwa sababu D na E zina kiungo chao wenyewe. Ile ya C inauma: A na E zilikuwa hatua mbili, sasa ni tatu, kupitia B na D. Kati ya jozi 30 za mtumaji na mpokeaji, mbili tu zimerefuka, na tumeshaona kwamba pungufu ya mbili haikuwezekana.

Usikimbilie kushangilia. Mtandao mkubwa hautakuhurumia hivi. Tatizo la kweli la kupanda na kushuka liko kwenye msongamano kuliko urefu, maana mzizi unageuka njia panda ya wote. Hata hapa, njia 8 kati ya 30 zinapita ndani ya D zikiwa safarini, ilhali C na F hazipitishi hata moja. Ukiwa na swichi mia, ukichagua mzizi wa pembeni, utaona kebo za katikati zikiwa zimelala huku za mzizi zikichemka.

Hatua ya 5: Jaza majedwali bila kuvunja sheria kwa bahati mbaya

Hapa makosa ni rahisi kuingia. Programu ya kawaida ya kutafuta njia fupi inakumbuka swichi tu. Kwetu swichi haitoshi. Ni lazima ujue kama pakiti ilifika pale ikiwa bado inapanda au imeshaanza kushuka. Kwa hiyo hali ya utafutaji ni jozi: swichi pamoja na awamu.

Kwenye Myrinet jambo hili lilikuwa jepesi kwa sababu mtumaji aliandika njia nzima kwenye kichwa cha pakiti. Kwenye InfiniBand swichi huangalia anwani ya mpokeaji tu, haijali pakiti imetoka poti gani. Jedwali lina jibu moja kwa kila mpokeaji. Basi fanya kazi kwa kurudi nyuma kutoka kwa mpokeaji. Kwanza tafuta swichi zote zinazoweza kumfikia kwa kushuka tu. Hizo zishike njia hiyo, hata kama kuna nyingine fupi inayoanza kwa kupanda. Sababu ni kwamba pakiti iliyofika hapo ikishuka itasoma jedwali hilohilo, na likiiambia ipande, sheria imevunjika. Swichi zilizobaki zielekezwe juu, kwa jirani wa karibu ambaye tayari ana jibu.

Mfano, mpokeaji yuko E. Anayeweza kumfikia kwa kushuka ni D peke yake, kwa DE. C inapanda moja kwa moja kwenda E, na F pia. B inapanda kwenda D. A inapanda kwenda B. Angalia kwamba A haikuelekezwa C ingawa C ni jirani wa E, kwa sababu AC ni chaneli ya kushuka na CE ni ya kupanda.

Hatua ya 6: Thibitisha kutoka kwenye majedwali yenyewe

Usithibitishe kile ulichokusudia. Soma majedwali kutoka kwenye swichi, fuata njia ya kila jozi, kisha ukague grafu. Programu ifuatayo ya Python inatosha. Inapokea njia kama maandishi, mfano "ABDE", na inarudisha `True` kama hakuna mzunguko.

```
from collections import defaultdict, deque

def kagua(njia):
    mbele = defaultdict(set)
    idadi = defaultdict(int)
    chaneli = set()
    for n in njia:
        c = [n[i:i+2] for i in range(len(n) - 1)]
        chaneli.update(c)
        for x, y in zip(c, c[1:]):
            if y not in mbele[x]:
                mbele[x].add(y)
                idadi[y] += 1
    foleni = deque(c for c in chaneli if idadi[c] == 0)
    zimetoka = 0
    while foleni:
        x = foleni.popleft()
        zimetoka += 1
        for y in mbele[x]:
            idadi[y] -= 1
            if idadi[y] == 0:
                foleni.append(y)
    return zimetoka == len(chaneli)
```

Ni upangaji wa Kahn wa mwaka 1962: ondoa chaneli isiyotegemewa na nyingine yoyote, futa mishale yake, rudia. Zikiisha zote, uko salama. Zikibaki, basi kati ya hizo zilizobaki ndimo mzunguko ulimo. Mpe `["ABD","BDE","DEC","ECA","CAB"]` atakwambia `False`. Badilisha "ECA" uweke "EDBA" na jibu linakuwa `True`. Kama majina ya swichi zako ni marefu kuliko herufi moja, tumia orodha na jozi badala ya maandishi, mantiki haibadiliki.

Kwa mtandao mdogo unaweza kuthibitisha hata kwa kalamu: zipe chaneli namba ili kila njia halali ipite namba zinazoongezeka tu. Kwetu mpangilio huu unafaa: CA, AB, CE, FE, BD, ED, FD, DB, DE, DF, BA, EC, EF, AC, kuanzia 1 hadi 14. Njia ya A kwenda E inapita AB, BD, DE, yaani 2, 5, 9. Jaribu nyingine yoyote iliyoruhusiwa, haitashuka namba.

Hatua ya 7: Kama gharama ni kubwa, tumia matabaka

Chaneli moja ya waya inaweza kugawanywa kuwa chaneli pepe kadhaa, kila moja na bafa na krediti zake. Pakiti iliyokwama kwenye chaneli pepe moja haizuii iliyo kwenye nyingine. InfiniBand inaruhusu hadi 15 za data, pamoja na ya 16 iliyotengwa kwa usimamizi, ingawa vifaa vingi hutoa 8 za data.

Wazo la matabaka ni hili: mpe kila mmoja njia fupi, halafu gawanya njia hizo katika makundi, kila kundi likiwa kwenye chaneli pepe yake, na kila kundi peke yake lisiwe na mzunguko. Pakiti hubaki kwenye tabaka lake mwanzo hadi mwisho. Katika mfano wetu weka A–C–E na E–C–A kwenye tabaka la pili, na nyingine zote kwenye la kwanza. Tabaka la kwanza linatii kupanda na kushuka, kwa hiyo ni salama. La pili lina utegemezi miwili tu, AC → CE na EC → CA, isiyogusana. Jozi zote 30 zimepata njia fupi, na mzigo unaopita D umeshuka kutoka njia 8 hadi 6.

Mbinu iitwayo LASH ya mwaka 2002 inafanya hivi kwa kuchukua njia moja moja: jaribu tabaka la kwanza, mzunguko ukitokea sogea linalofuata. DFSSSP ya mwaka 2011 inaanza na kusawazisha mzigo kwenye viungo, inaweka njia zote kwenye tabaka moja, kisha inatafuta mizunguko na kuhamisha njia zinazoisababisha. Kutafuta idadi ndogo kabisa ya matabaka ni tatizo la aina ya NP-kamili, yaani haijulikani njia ya haraka ya kulitatua kikamilifu, kwa hiyo zote mbili hukisia kwa busara, na kwenye mtandao mkubwa matabaka yanaweza kuisha kabla ya njia. Nue ya mwaka 2016 ilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo: inatafuta njia ndani ya grafu ya utegemezi yenyewe, ili itoshe kwenye idadi ya chaneli pepe uliyonayo, hata ikiwa moja.

Kwa ambao swichi zao hazina chaneli pepe, watafiti wa Valencia, Hispania, walipendekeza kwa Myrinet njia nyingine: pakiti inapofika kwenye mkato uliokatazwa itolewe kwenye mtandao, ipokelewe kwenye seva iliyo pale, kisha irushwe upya. Kwa kuwa imetoka kabisa, utegemezi umekatika. Inagharimu muda na kumbukumbu, lakini njia fupi inabaki.

Na kama swichi zako huchagua njia kwa kuangalia msongamano, nadharia ya Duato ya mwaka 1993 ndiyo dira. Chaneli za kubadilika zinaweza kuwa na mizunguko, mradi kila pakiti wakati wowote iweze kukimbilia seti ya chaneli za kuokoa ambazo utegemezi wake hauna mzunguko. Kwenye mtandao usio na umbo, chaneli za kuokoa mara nyingi hufuata kupanda na kushuka, kwa hiyo kazi uliyoifanya kwenye hatua ya 4 haipotei.

Hatua ya 8: Weka kwenye OpenSM

Programu ya kusimamia mtandao wa InfiniBand inayotumika sana ni OpenSM. Isipoambiwa vingine, hutafuta njia zenye hatua chache, na umeona kwenye hatua ya 3 kwamba hilo peke yake ni hatari mtandao ukiwa na pembetano. Kwa kupanda na kushuka:

`opensm -R updn,no_fallback -a /etc/opensm/mizizi.txt`

Faili la mizizi lina namba ya utambulisho ya kila mzizi kwenye mstari wake. Andika mwenyewe, usiiache programu ikisie, kwa sababu inakisia vizuri kwenye miti na vibaya kwenye maumbo kama yako. Neno `no_fallback` ni la lazima kwa maoni yangu. Bila hilo, mbinu uliyoichagua ikishindwa, OpenSM inarudi kwenye hatua chache, mtandao unafanya kazi kama kawaida, na ulinzi wako umeondoka huku unaamini upo.

Kwa matabaka:

`opensm -R lash,no_fallback -Q`

Alama ya `-Q` inawasha ubora wa huduma, ambao ndio unaounganisha ngazi ya huduma iliyoandikwa kwenye pakiti na chaneli pepe. Kisha kuna jambo moja linalosahaulika kila mahali: anayeandika ngazi hiyo ni mtumaji. Maktaba yako ya MPI, ile inayobeba ujumbe kati ya sehemu za programu zilizo kwenye seva tofauti, ni lazima iulize rekodi ya njia kwa OpenSM na itumie ngazi inayopewa. Ikiandika sifuri kwa kila kitu, njia zote fupi zinarundikana kwenye tabaka moja, na hapo uko palepale pa hatua ya 3. Soma mipangilio ya maktaba kabla ya kuchagua LASH au DFSSSP. Kama huna uhakika nayo, kaa na `updn`.

Kagua matokeo kwa `ibdmchk`, ambayo hutafuta mizunguko ya krediti, au kwa programu yako ya hatua ya 6.

Hatua ya 9: Mabadiliko ya mtandao

Kebo ikikatika, majedwali yanaandikwa upya. Majedwali ya zamani ni salama, mapya ni salama, lakini kipindi cha kati huenda si salama. Chukua mfano wetu. Mzizi D umeondoka na kurudi, na safari hii E imechaguliwa. Chini ya D, mikato ya C ilikatazwa na ya B iliruhusiwa. Chini ya E ni kinyume chake: C inaruhusu, B inakataza. Pakiti za zamani zilizoshika AB zinaendelea kuomba BD. Pakiti mpya zilizoshika EC zinaomba CA. Ukijumlisha utegemezi wa pande zote mbili, mzunguko wa pembetano uko kamili.

Suluhisho la moja kwa moja ni kusimamisha utumaji, kuacha pakiti zilizomo ziishe, kubadilisha, kisha kufungua. Autonet nayo ilisimamisha usafirishaji wa kawaida wakati wa kupanga njia upya. Kama kazi haziwezi kusimama, badilisha kidogo kidogo, na kwa kila hatua endesha `kagua` juu ya njia za zamani na mpya kwa pamoja. Ikikataa, tafuta mpangilio mwingine. Kufunga mzizi kwenye faili kunasaidia sana hapa, kwa kuwa mwelekeo wa chaneli nyingi hautabadilika.

Pale ambapo grafu ni safi na bado mtandao unakwama

Uthibitisho wote huu unadhani kwamba seva inayopokea huondoa pakiti mtandaoni mapema au baadaye. Kama programu kwenye seva inakataa kupokea ombi jipya mpaka jibu lake litoke, na jibu haliwezi kutoka kwa sababu mtandao umejaa maombi, duara limejengwa kupitia seva. Tenganisha maombi na majibu kwenye chaneli pepe tofauti, au hakikisha kila seva ina bafa za kutosha kwa maombi yote inayoweza kutumiwa.

Kwenye InfiniBand mkwamo mara nyingi hujificha. Pakiti iliyokaa muda mrefu mbele ya foleni hutupwa: thamani ya awali ya OpenSM ni 0x12, yaani 18, na muda wake ni mikrosekunde 4.096 mara 2 kwa kipeo cha 18, yaani sekunde moja na kidogo. Kwa hiyo badala ya kusimama milele, mtandao unashtuka, unasimama kwa sekunde, unaendelea, unasimama tena. Watu hulaumu diski au programu. Tazama kihesabu cha `PortXmitDiscards` (pakiti zilizotupwa) pamoja na `PortXmitWait` (kungoja nafasi ya kutuma) kwa `perfquery`. Vyote viwili vikipanda kwa pamoja kwenye poti kadhaa za swichi zinazounda duara, ilhali hakuna makosa ya kebo, chukua majedwali ya swichi hizo na uyapitishe kwenye `kagua` kabla ya kugusa kitu kingine chochote.